Mvua ya Mawe na Jiwe la Ivuna

Katika lugha yetu barafu idondokayo kutoka mawinguni huitwa mvua ya mawe. Jina hili ni la kweli kwa jicho wala si la kweli kwa mkono. Mkulima wa Kasulo aokotaye punje moja ya mvua hiyo kati ya migomba yake hushika jiwe kwa dakika chache tu. Kisha jiwe hutoweka, na kiganja hubaki kimelowa. Maneno mengine mawili tuliyo nayo kwa jambo hili, barafu na theluji, yalikuja kwa jahazi, la kwanza likiwa na asili ya Kiajemi na la pili ya Kiarabu. Lakini mvua ya mawe ni jina letu wenyewe, na waliolitunga walikuwa wameona kwa macho yao ya kuwa maji yaweza kuvaa umbo la jiwe yakashuka kutoka juu.

Makala haya yanaeleza habari ya jiwe jingine, ambalo jambo lake ni kinyume cha hilo. Lilishuka kutoka juu kupita mawingu yote, likaokotwa jiwe, na mpaka leo ni jiwe. Lakini wenye elimu walipolichunguza walikuta ndani yake maji, nayo hayakuwa maji ya mvua yetu wala ya ziwa letu. Jiwe hilo lilianguka katika nchi hii, na jina lake ni jina la kijiji cha nchi hii.

Swali lililozaa makala haya liliulizwa na mwanafunzi mmoja wa Kasulo, wilayani Ngara. "Mwalimu," alisema, "tumefundishwa ya kuwa huko juu hakuna hewa. Pasipo hewa hapana mawingu, na pasipo mawingu hapana mvua. Basi hiyo barafu isemwayo kuwa iko mwezini ilitoka wapi? Na jua nalo huwakaje pasipo oksijeni, ilhali mshumaa ukifunikwa kwa bilauri huzimika?" Hayo ni maswali mawili, na yote mawili yana haki ya kujibiwa kwa ukamilifu.

Si ajabu swali la maji kuulizwa Kasulo. Wakazi wa huko wanakumbuka siku ambazo maji yalikuwa ndiyo habari pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni, kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakimbilia Ngara. Walikusanywa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara. Miongoni mwa sababu za kuchaguliwa kwa mahali pale ni kwamba palikuwa na bwawa. Mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya siku zile ulisimama ghafula kando ya maji kidogo. Ndoo zikapangwa mistari mirefu, na watu wakajua uzito wa lita moja. Kambi ilifungwa mwaka 1996. Tukumbuke habari hiyo, kwa kuwa tutakutana tena na kambi zinazofuata maji, huko ambako hakuna daraja.

Kabla ya kujibu swali la barafu yafaa kukumbusha ya kuwa nchi zetu zimewahi kuwa uwanja wa ubishi kama huu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Na neno hilo lilimtosha Rebmann kutambua theluji. Habari zilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alizikataa kwa miaka mingi. Cooley hakuwa mjinga. Alijua ya kuwa Ikweta ni mahali pa joto, na kwa ujuzi huo akahukumu kwamba theluji haiwezi kukaa hapo. Alilolipuuza ni kwamba joto la mahali halitokani na jua peke yake. Hutokana pia na mahali penyewe palivyo.

Karibu miaka mia moja na hamsini baadaye jambo la namna ile ile lilitokea katika elimu ya falaki. Zebaki ndiyo sayari iliyo karibu kuliko zote na jua. Mchana wake hufika nyuzi 430 za joto, kiasi cha kuyeyusha risasi. Mwaka 1991 wanafalaki wa Marekani waliipigia sayari hiyo mawimbi ya rada, na kutoka kwenye ncha yake ya kaskazini yakarudi mawimbi yenye nguvu ya ajabu, kama yale yanayorudishwa na barafu. Chombo cha Marekani kiitwacho MESSENGER, kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia mwaka 2011 mpaka 2015, kilithibitisha ya kuwa ni barafu kweli. Ipo katika mashimo ya nchani ambayo sakafu zake hazijaonwa na jua kwa muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu sayari ile imesimama wima karibu kabisa, wala haikuinama kama dunia yetu.

Lakini yawezekanaje kivuli kiwe na baridi kali namna hiyo, huku mahali pengine pa sayari ile ile risasi ingeyeyuka? Jibu limo katika nyumba nyingi za Ngara: ni chupa ya chai. Chupa ile ina kuta mbili, na katikati ya kuta hizo pameondolewa hewa. Chai haipoi upesi, kwa kuwa joto limekosa mchukuzi. Hapa duniani hewa hulichukua joto la juani na kulimwaga kivulini. Ndiyo maana chini ya mwembe kuna nafuu lakini hakuna barafu. Pasipo hewa jua halina mjumbe. Penye mwanga pana tanuri, na penye kivuli cha daima pana baridi ambayo haijapata kuonwa duniani. Katika mashimo ya ncha ya kusini ya mwezi vyombo vimepima baridi ipitayo nyuzi 230 chini ya sifuri.

Hata hivyo utupu una hila yake. Ukimwaga maji huko, hayatulii kuwa maji. Huchemka kwa kukosa mkandamizo wa hewa, na kwa kule kuchemka hupoteza joto lake na kuganda. Yaani huchemka na kuganda kwa wakati mmoja, jambo ambalo mpishi wa duniani hatalisadiki. Na barafu nayo ikipigwa na jua haiyeyuki, bali hutoweka moja kwa moja kuwa mvuke, kama kafuri ipunguavyo sandukuni bila ya kulowesha nguo. Kwa hiyo barafu ya huko juu yahitaji jambo moja tu ili idumu, nalo ni baridi. Baridi ikipita nyuzi 160 hivi chini ya sifuri, kutoweka kwake huwa kwa polepole mno hata barafu hukaa kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Baridi hiyo hupatikana vivulini, hupatikana chini ya tabaka la udongo, na hupatikana mbali na jua. Kupita katikati ya njia ya Mirihi na ya Mshtarii, barafu ni kitu cha kawaida kama mchanga. Miezi kadhaa ya Mshtarii na ya Zohali imefunikwa kwa barafu tupu.

Sasa tuje kwenye oksijeni. Mwanafunzi wa Kasulo aliutaja mshumaa na bilauri, na tangu karne ya 18 majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyowafikisha Priestley wa Uingereza na Lavoisier wa Ufaransa kwenye ujuzi wa hewa hii. Lakini jua si mshumaa, wala halili kuni. Moto wake hautokani na kitu kuungana na oksijeni; hutokana na viini vya haidrojeni kusukumwa pamoja kwa nguvu ipitayo fikira mpaka vinakuwa viini vya heliamu. Jua lingekuwa moto wa makaa, lingekwisha zamani kabla ya kuumbwa kwa mgomba wa kwanza. Kwa hakika mambo yako kinyume cha alivyodhani mwanafunzi wetu: nyota hazihitaji oksijeni ili ziwake, bali oksijeni ndiyo iliyozihitaji nyota ili ipatikane. Katika matumbo ya nyota zilizozeeka heliamu hugeuka kuwa kaboni, na kaboni ikipata heliamu nyingine hugeuka kuwa oksijeni. Kisha nyota hufa na kumwaga vitu vyake angani. Kwa njia hiyo oksijeni imekuwa ya tatu kwa wingi katika ulimwengu wote, baada ya haidrojeni na heliamu.

Basi kama ni nyingi hivyo, mbona haivutwi puani huko? Kwa sababu oksijeni haipendi upweke. Tabia yake ni kuchanjiana udugu na kila ikutanacho nacho. Ikikutana na silikoni na magnesi huwa mawe. Ikikutana na chuma huwa kutu. Ikikutana na kaboni huwa gesi. Ikikutana na haidrojeni huwa maji. Hewa tuivutayo ni ajabu ya nadra, nayo ni kazi ya viumbe vyenye rangi ya kijani, ambavyo kwa muda upatao miaka bilioni mbili na nusu vimekuwa vikiivunja ile ndoa ya oksijeni na haidrojeni na kuiacha oksijeni huru. Msitu mmoja wa Burigi hufanya kila asubuhi, bila ya kelele, kazi ambayo haijaonekana ikifanywa na sayari nyingine yoyote.

Katika mawingu ya vumbi yaliyo baina ya nyota, penye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, chembe ya oksijeni hutua juu ya punje ya vumbi iliyo ndogo kuliko moshi. Chembe za haidrojeni huifuata, moja, kisha ya pili, na pale pale juu ya vumbi huzaliwa barafu. Hakuna wingu la mvua lililohitajika. Mwaka 1969 Charles Townes na wenzake wa California walitangaza kwamba wamenasa kwa darubini ya redio mawimbi ya mvuke wa maji kutoka anga za mbali, na tangu hapo maji hayakuweza kuitwa tena mali ya dunia peke yake. Hata oksijeni iliyo huru imepatikana. Mwaka 2015 watumishi wa chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta, kilichokuwa kikiandamana na nyota ya mkia, walieleza ya kuwa katika mvuke uliotoka kwenye nyota ile walikuta karibu sehemu nne za oksijeni huru kwa kila sehemu mia za maji. Wao wenyewe walistaajabu, na ubishi juu ya asili ya oksijeni hiyo ungalipo.

Yote hayo yameonwa kwa vyombo na kwa mbali. Kushika kwa mkono ni jambo jingine, na hapa ndipo tuondokapo Ngara, tukaifuata mipaka ya magharibi ya nchi kuelekea kusini, kupita Kigoma na Katavi, mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Kusini mwa ziwa hilo, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, pana Ivuna. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo katika miaka ya 1960 waligundua ya kuwa watu walikuwa wakipika chumvi kutoka chemchemi za Ivuna tangu zama za kale, yapata karne ya 13. Kabla ya kutajwa katika kitabu chochote cha falaki, basi, jina la Ivuna lilikuwa jina la chumvi.

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka huko kutoka mbinguni. Lililookotwa lilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, yaani halikufika hata kilo moja. Lilikuwa jeusi, laini, lenye kumomonyoka. Mtu asiyejua angeliweza kulidhania donge la makaa.

Msomaji atakuwa amekwisha kukumbuka kimondo kingine cha mkoa huo huo, kile cha Mbozi. Kimondo cha Mbozi ni chuma kilichochanganyika na nikeli kidogo. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 hadi 16. Hakuna mvua wala mchwa awezaye kukidhuru, na wageni hupiga picha mbele yake. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukiandika mwaka 1930. Mbozi ni jitu, na Ivuna ni kibeti. Lakini katika vyumba vya uchunguzi vya dunia kibeti hutajwa mara nyingi zaidi. Chuma cha Mbozi chaeleza habari za moto uliokwisha kuchambua vitu vyote, chuma kikazama na mawe yakaelea. Jiwe la Ivuna halijapata kuyeyushwa, na kwa hiyo limehifadhi mambo ambayo moto ungeyafuta.

Lilikuwa katika hatari kubwa lilipofika. Jiwe la namna hii likitiwa maji hulegea na kugeuka tope, kama tofali lisilochomwa. Nalo lilianguka Desemba, katikati ya majira ya mvua ya nyanda zile. Lingaliachwa kichakani mpaka Aprili, lisingalikuwapo la kuokota.

Ndani yake kuna nini? Sehemu kubwa ni udongo wa namna ya mfinyanzi, na katika udongo huo maji yamefungwa; si matone yanayotikisika, bali chembe za haidrojeni na oksijeni zilizoshikamana na madini. Ukilipasha jiwe moto mkali, hutoka. Hata ukiondoa unyevu uliopenya kutoka katika hewa ya dunia, maji hayo hufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Na oksijeni yote iliyomo, ya kwenye maji na ya kwenye madini, ni karibu nusu ya uzito wa jiwe. Mtu akishika gramu mia za Ivuna, gramu zaidi ya arobaini ni ile ile oksijeni ambayo mwanafunzi wetu aliambiwa haiko juu.

Historia ya maji hayo yaweza kusomwa. Zaidi ya miaka milioni 4,560 iliyopita, mfumo wa jua ulipokuwa ungali wingu la vumbi, mwamba mmoja mdogo ulijikusanya mbali na jua, penye baridi, ukachanganya vumbi na barafu. Ndani ya mwamba huo mlikuwamo alumini ya namna isiyodumu, ambayo katika kuoza kwake hutoa joto. Barafu ikayeyuka, maji yakapenya kwenye vumbi, na vumbi likageuka udongo, kama mvua ya maelfu ya miaka igeuzavyo mwamba wa Bushubi kuwa udongo wa shamba. Kisha joto likaisha, na kila kitu kikabaki kama kilivyo. Maajabu hayaishii hapo: ukiacha haidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi, vipimo vya jiwe hili vyakaribia sana vipimo vya jua lenyewe, hata wataalamu hulitumia pamoja na wenziwe kama mizani ya kupimia vitu vingine vyote.

Wenziwe hao ni wachache. Vimondo vya namna hii vilivyoonwa vikianguka ni vitano tu: Alais, mwaka 1806, na Orgueil, mwaka 1864, vyote vya Ufaransa; Tonk cha Bara Hindi, mwaka 1911; Ivuna; na Revelstoke cha Kanada, mwaka 1965, ambacho kiliokotwa gramu moja tu. Wataalamu walipotaka kuzipa jamaa za vimondo vyenye kaboni majina, karibu kila jamaa ilipewa herufi ya kimondo kimoja kiwe kielelezo. Jamaa moja ikapata jina la Mighei, kijiji cha Ukraine. Nyingine ya Vigarano, mji wa Italia. Na jamaa hii, iliyo ya asili kupita zote, ikapata herufi ya Ivuna. Mimi naona jambo hili lastahili kufundishwa katika shule zetu kwa sauti kubwa zaidi kuliko lifundishwavyo. Tumezoea kuona majina ya kigeni yakibandikwa juu ya maziwa na milima yetu. Hapa jina la wapika chumvi wa Rukwa limebandikwa juu ya jamaa nzima ya vitu vya mbinguni.

Jina hilo liliwahi pia kuingia katika ugomvi. Mnamo Novemba 1961, majuma machache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, George Claus na Bartholomew Nagy wa New York walichapisha katika gazeti la Nature habari iliyoshtusha ulimwengu. Walisema ya kuwa ndani ya vimondo vya Orgueil na Ivuna wameona kwa hadubini vitu vidogo vyenye umbo la viumbe, vinavyofanana na mimea midogo ya majini iliyogeuka mawe. Kama ni kweli, uhai ulikuwapo nje ya dunia, na ushahidi wake ulikuwa umeanguka Ivuna. Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago walipinga. Walionyesha ya kuwa baadhi ya vitu vile vilikuwa chavua za magugu ya duniani zilizoruka hewani, na vingine vilikuwa madini tu. Kisha, mwaka 1964, ikagunduliwa ya kuwa kipande kimoja cha Orgueil kilikuwa kimetiwa kwa makusudi mbegu na makaa, vikagandishwa kwa gundi, na mtu fulani wa karne ya 19 ambaye hakujulikana. Ivuna haikuhusika na udanganyifu huo, lakini iliguswa na aibu yake kama ndugu aguswavyo na kesi ya nduguye. Faida ilipatikana hata hivyo, na mimi naihesabu kuwa kubwa: tangu siku hizo wachunguzi wamekuwa wakali juu ya usafi, wakijua ya kuwa jiwe lililokwisha kugusa dunia halina budi kushukiwa.

Ndiyo sababu Wajapani waliamua kulifuata jiwe huko huko liliko. Chombo chao Hayabusa2 kiliondoka mwaka 2014, kikachota vumbi la kisayari kiitwacho Ryugu, na tarehe 6 Desemba 2020 kikadondosha mzigo wake katika jangwa la Australia. Mzigo wote ulikuwa gramu 5.4, uzito wa vipande viwili vitatu vya sukari. Mwaka 2022 majibu yalitolewa, na jibu lililowashangaza wengi lilikuwa hili: vumbi la Ryugu ni la jamaa ya Ivuna. Wameenda safari ya miaka sita, wakakuta ndugu wa jiwe lililookotwa Rukwa. Katika fuwele moja ya vumbi hilo walikuta kijitone cha maji halisi, yenye chumvi na gesi ya kaboni, kilichofungiwa humo tangu siku za mwamba wa kwanza.

Wamarekani nao walileta gramu 121.6 kutoka kisayari kingine, Bennu, mwezi wa Septemba 2023, na katika Januari 2025 walieleza ya kuwa wamekuta humo mabaki ya maji ya chumvi yaliyokauka. Miongoni mwa chumvi hizo ilikuwamo magadi. Naam, magadi, yale yale ya ziwa la Kenya, yale ambayo mama zetu hutia katika chungu cha maharage yaive upesi. Wataalamu walihitaji vyombo vya thamani kubwa ili kuyatambua. Mpika chumvi wa Ivuna angelielewa mara moja habari ya dimbwi linalokauka na kuacha weupe ukingoni.

Je, bahari zetu zilitokana na mawe ya namna hii? Hapa yapasa kusema kwa hadhari. Maji yana alama yake, kipimo cha haidrojeni nzito iliyomo. Maji ya ile nyota ya mkia iliyoandamwa na Rosetta yalikuwa na haidrojeni nzito zaidi ya mara tatu kuliko bahari zetu, kwa hiyo hayafanani na yetu. Maji ya vimondo vyenye kaboni, Ivuna akiwa miongoni mwao, yakaribiana zaidi na yetu. Wako wataalamu wasemao kwamba sehemu kubwa ya maji ya dunia ililetwa hivyo. Wako wengine waonao kwamba mawe makavu yaliyoijenga dunia yalikuwa nayo maji ya kutosha tangu mwanzo. Kesi haijakatwa. Lakini hata kwa wale wa upande wa pili, maji ya Kagera yapitayo kwa kishindo pale Rusumo ni maji ya zamani kuliko mto, kuliko mlima, na yumkini kuliko dunia yenyewe.

Nilisema tutakutana tena na kambi zinazofuata maji. Mawe ya mwezi yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo, baina ya mwaka 1969 na 1972, yalihukumiwa kuwa makavu, na kwa muda mrefu mwezi uliitwa jangwa kamili. Tarehe 9 Oktoba 2009 Wamarekani waliangusha kwa makusudi ganda la roketi katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini, na katika vumbi lililotimka walihesabu kilo zipatazo 155 za maji. Mwaka ule ule chombo cha Bara Hindi, Chandrayaan-1, kilikuwa kimekwisha kutoa alama za maji juu ya uso wa mwezi. Tangu hapo mataifa yote yanayotaka kukaa mwezini yanaelekea kusini. Bara Hindi lilitua upande huo tarehe 23 Agosti 2023. Hawafuati mandhari. Wanafuata maji, kama Benaco ilivyofuata bwawa: maji ni ya kunywa, na yakipitishwa umeme hutengana yakatoa oksijeni ya kuvuta, jambo ambalo wakazi wa kituo cha kimataifa cha anga hulifanya kila siku. Kupeleka lita moja kutoka duniani ni gharama kubwa. Kuikuta huko ni uhai.

Na penye bwawa moja na watu wengi huzuka swali la zamu. Mkataba wa mwaka 1967 wakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi, lakini hausemi waziwazi ni nani awezaye kuchota barafu yake. Mapatano yaitwayo ya Artemis, yaliyoanzishwa na Marekani mwaka 2020, yamesema ya kuwa kuchota si kujimilikisha. Tarehe 13 Desemba 2022 Rwanda na Nigeria ziliyatia sahihi, zikiwa za kwanza katika Afrika. Kwa hiyo taifa lililo ng'ambo ya daraja la Rusumo, mwendo mfupi kutoka Kasulo, tayari limesema neno lake juu ya maji ya mwezini. Wapo wasioridhika na mapatano hayo, wakiona kwamba mwenye ndoo kubwa ndiye atakayefika kwanza; na mtu aliyewahi kusimama katika mstari wa ndoo hatawacheka.

Ivuna lenyewe limegawanyika. Vipande vyake vilitawanywa kwa wachunguzi na wakusanyaji wa nchi mbalimbali. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalipata kipande cha gramu zipatazo 200, kilichokuwa kabla ya hapo mikononi mwa mkusanyaji wa Marekani. Kimewekwa ndani ya hewa ya naitrojeni, mbali na unyevu. Sababu ya kufanya hivyo ilijulikana kwa gharama ya nduguye wa Ufaransa: kimondo cha Orgueil kilikaa katika makabati ya kawaida tangu 1864, kikivuta hewa ya vyumba, na baada ya miaka mingi mishipa myeupe ya chumvi ilikuwa imechipuka ndani yake. Wataalamu waliisoma mishipa hiyo kama habari ya maji ya mbinguni, mpaka ilipobainika mwaka 2001 kwamba maji yaliyoiotesha yalikuwa ni unyevu wa Ufaransa.